Kumi na Wanne wa Kompyuta Namba Tatu

Uliiona. Usiseme hukuiona. Ilibandikwa Ijumaa asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa Taasisi ya Nguzo, pale pembeni ya ngazi, karatasi moja yenye majina kumi na manne na mhuri chini. Ulisimama mbele yake ukapitisha kidole kutoka juu hadi chini ukitafuta jina lako. Hukulikuta. Ukashusha pumzi, ukaweka mkoba vizuri begani, ukaenda zako kunywa chai. Na wenzako waliokufuatia walifanya hivyo hivyo, mpaka kioo cha ubao kikachafuka kwa vidole. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza hao kumi na wanne ni akina nani na wamemkosea nani. Juu ya karatasi paliandikwa "Udanganyifu wa Kimtandao," na maneno hayo yakawatosha.

Basi kaa usikilize, chai utakunywa baadaye.

Saini iliyokuwa juu ya mhuri ule ni ya Anastasia, mratibu wa masomo ya mtandao, yule mwanamke mwembamba wa ghorofa ya kwanza anayetembea na funguo mkononi kama mtu anayetarajia kufukuzwa. Unamfahamu. Ndiye aliyekufungulia akaunti. Habari hii ni yake, na inaanza Jumanne ya wiki ile ya Novemba, alipowasha kompyuta yake akakuta ujumbe mwekundu unamsubiri.

Ujumbe ulisema kwamba mfumo umegundua akaunti kumi na nne zinazofunguliwa siku moja, kwenye kompyuta moja, kwa kupokezana, kwa neno la siri moja. Ukasema mratibu athibitishe udanganyifu huo kabla ya Alhamisi saa kumi jioni ili majina yafutwe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari wa tatu, na huo Anastasia aliusoma mara nne: mratibu asiyethibitisha atahesabiwa kuwa ameshiriki.

Majina yale aliyajua yote. Aliyajua kwa sura, kwa mwandiko, na kwa vikohozi vyao.

Walikuwa walimu wa shule nne za msingi za milimani juu ya Kinole, huko Uluguru ambako ukungu hauachii paa za madarasa mpaka saa nne asubuhi. Wengi wao walichukuliwa wakiwa vijana wadogo miaka ya sabini, nchi ilipotaka kila mtoto awe darasani na walimu wakawa hawatoshi. Wakafundishwa juu juu, wakapewa chaki, wakaambiwa nendeni. Mjini watu wakawacheka, wakazigeuza herufi za mpango huo, UPE, kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na waliokuwa wakicheka walijifunza kusoma kwa watu hao hao. Sasa zama zikageuka. Viwanda vimeuzwa, mashirika yameuzwa, kila kitu kinatakiwa kiwe na cheti, na walimu wale wakaambiwa wawe wamejiendeleza ifikapo Desemba. Asiye na cheti Januari asiingie darasani. Kozi ya Nguzo ndiyo njia pekee waliyobakiwa nayo. Shule zile nne kwa pamoja zilikuwa na walimu kumi na tisa. Toa kumi na wanne. Piga hesabu mwenyewe.

Na kosa la kwanza lilikuwa la Anastasia. Alijua hivyo tangu mstari wa kwanza wa ujumbe.

Mwezi wa tatu alipanda mwenyewe kwenda kuwaandikisha. Saa tatu za mguu kutoka Kinole, lori linapoishia. Huko hakuna umeme, na maneno ya siri yanayotungwa na mashine ni marefu, herufi na tarakimu zimechanganywa kama takataka. Akawahurumia. Akawapa wote kumi na wanne neno moja, "mahindi," akasema kila mmoja atakapofika mjini abadilishe aweke lake. Wakaitikia kwa adabu. Nani angefika mjini?

Kule juu watu hawashuki kila mtu na safari yake. Wanashuka kwa zamu. Siku ya soko mmoja anajitwika tenga lenye ndizi za nyumba tatu, anachukua na cheti cha dawa cha nyumba ya nne na barua za kijiji kizima, anashuka. Akirudi anapita mlango kwa mlango na kila mtu anapokea chake. Hakuna anayemwita mwizi kwa kuwa amebeba vitu vya wengine. Akirudi na chenji pungufu anasema, na neno lake linakubaliwa. Walimu wakafanya kama ilivyo desturi. Kila Jumapili alasiri walikutana kwenye darasa la shule moja, kila mtu na daftari lake, wakafanya mazoezi yaliyochapishwa. Jumamosi iliyofuata Mwalimu Maimuna, aliyekuwa mkubwa wao na mwenye miguu imara, akayaweka madaftari yote kumi na manne chini ya ndizi, akashuka hadi Mwembesongo, Morogoro mjini, kwenye kafe ya intaneti ya Yunusi. Akakaa kompyuta namba tatu. Akafungua akaunti ya kwanza, akaingiza majibu ya daftari la kwanza, akafunga. Akafungua ya pili. Hivyo hivyo mpaka alasiri.

Anastasia alijua. Anaishi Mwembesongo, anapita pale. Zaidi ya mara moja aliingia akamsalimia shikamoo, akamwonyesha namna ya kurudi ukurasa wa nyuma, akafurahi moyoni kwamba watu wa milimani wameupata mtandao. Hakuwaza hata mara moja kwamba kuna kitu kinahesabu.

Inabidi ujue alikotoka ili uielewe hofu yake. Kabla ya Nguzo alikuwa kwenye masomo ya posta. Miaka sita alisahihisha kwa kalamu nyekundu karatasi zilizokuja zimekunjwa mara nne, zikinuka moshi na samaki. Alipenda pambizo kuliko majibu. Pambizoni watu walimwandikia: samahani mwalimu, wiki hii nilikuwa na homa, mwalimu, swali la tano umelielewa wewe mwenyewe? Akajibu hapo hapo kwa wino mwekundu. Mfumo mpya ulipoletwa, umenunuliwa na wafadhili kutoka nchi ambayo Anastasia aliijua kwa stempu tu, alishangilia kuliko wote. Mazoezi yanasahihishwa papo hapo. Barua haipotei Ngerengere kwenye behewa. Aliwafundisha wenzake, akasoma usiku na mchana, akawa mtu wa kuitwa kwenye semina.

Kwenye meza yake, Jumanne ile ile, kulikuwa na mada aliyoagizwa kuiandika kwa ajili ya mkutano wa Dar es Salaam: Elimu kwa Mtandao Inaelekea Wapi. Kurasa sita zilikuwa tayari. Aliandika kwamba vifaa vinashuka bei kila mwaka, kwamba simu ya mkononi siku moja itabeba somo zima, kwamba mashine itamjua mwanafunzi kuliko mwalimu anavyomjua, kwamba walimu wachache watahudumia watu wengi. Aliyaamini wakati anayaandika. Sasa akayasoma tena, na alipofika kwenye "walimu wachache" akasimama. Wachache, akina nani? Chini ya kioo cha kompyuta kulikuwa na kisanduku kidogo alichozoea kutokiangalia: "Umekuwepo dakika 47. Hujafanya kitu dakika 9." Akaisogeza mausi haraka, bila sababu, ili mashine imwone yupo.

Mfumo hauna pambizo. Ndicho alichokiwaza, na hakukiandika kwenye mada. Waliouunda walikuwa na picha moja kichwani: mtu mmoja, meza moja, kompyuta moja, neno la siri ambalo hata mke wake halijui. Asiyefanana na picha hiyo hana mahali pa kueleza kwa nini hafanani. Kuna nafasi ya jibu A, B, C na D. Mtu wa aina ya Maimuna, aliyebeba watu kumi na watatu kichwani pamoja na ndizi, hana herufi yake.

Na usidhani mambo haya yameanza na kompyuta. Wazee wa Uluguru wanakumbuka walivyolazimishwa, enzi za ukoloni, kuchimba matuta na watu waliokuwa na ramani za milima bila kuilima. Wanakumbuka fomu za kila awamu. Kila zama zinakuja na daftari lake la kuhesabia watu, na kila mara anayeanguka nje ya mistari anaitwa mkaidi, mvivu, sasa mdanganyifu.

Jumatano asubuhi Anastasia alikwenda kwa mkurugenzi, Jonathan. Ni mtu wa makamo, mpole, shati lake halina kunyanzi, na ana tabia ya kuzungumza huku akitazama kioo cha kompyuta badala ya uso wako. Akamweleza kila kitu: tenga, zamu, neno "mahindi." Jonathan alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama kuna maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba yeye mratibu ndiye aliyewapa neno moja wote. Anastasia akasema hapana, alilitamka kwa mdomo. Jonathan akasema basi ibaki hivyo hivyo, kwa mdomo.

"Anastasia, mashine haina chuki na mtu," akasema. "Inahesabu tu. Ukikataa kuthibitisha, itakuhesabu na wewe. Na ukiingia wewe, naingia mimi niliyekuajiri."

Alitoka mle. Mchana akaenda nyumbani, chumba na sebule anazoishi na baba yake, Ignas. Mzee alikuwa amekwisha pika ugali na dagaa. Ignas alikuja Morogoro kutoka Songea akiwa kijana, akaingia kiwandani, kiwanda kimoja ambacho leo ni ghala la mbolea, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa zamu. Anastasia alimsimulia akitarajia kusikia hasira. Baba yake hakuwahi kuipenda karatasi yenye majina.

Mzee alikula mpaka akamaliza. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtoto wake. Mwaka tisini na nne, wanunuzi walipokuja kukikagua kiwanda, alipewa karatasi aandike watu arobaini wa zamu yake wasiofaa. Akaandika. Akaweka saini. Wale arobaini wakapunguzwa mwezi ule ule, na yeye akapunguzwa miezi kumi na sita baadaye, kwa saini ya mtu mwingine.

"Ile miezi kumi na sita," Ignas akasema, "ndiyo iliyokusomesha Mzumbe."

Anastasia akauliza: basi afanye nini?

"Saini, mwanangu. Waliokataa hawakupewa hata ahsante."

Akaondoa sahani. Anastasia akaelewa kwa nini baba yake miaka yote hiyo, akienda dukani, anazunguka nyuma ya msikiti badala ya kukata njia ya mkato inayopita mbele ya nyumba za waliokuwa wafanyakazi wenzake.

Alhamisi saa tisa na dakika arobaini, Anastasia alithibitisha. Mshale ulipofika kwenye kitufe alifumba macho. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Kompyuta ikamshukuru kwa jina. Akachapisha orodha, akaiwekea saini na mhuri, akampa mhudumu akaibandike kesho. Kisanduku cha chini kikaandika dakika zake za siku hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akaenda kunywa chai.

Unafuu huo haukulala naye. Ijumaa alifika kazini mapema, akapita mbele ya ubao bila kugeuza shingo, kama ulivyopita wewe.

Jumamosi alijificha. Ndivyo ilivyokuwa, isemwe tu. Alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, ili asipite mbele ya kafe ya Yunusi. Lakini Maimuna alikuwa ametoka nje kupunga upepo, akamwona kwa mbali akamwita kwa jina, kwa sauti ya mwalimu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuna mtu anayeikimbia sauti hiyo.

"Shikamoo mwalimu," Anastasia akasema.

"Marahaba mwanangu. Mungu amekuleta. Hebu njoo, neno limekataa."

Ndani Yunusi alikuwa ameegemea meza yake. Yeye ni Mnyamwezi, mtani wa Waluguru, na Jumamosi haipiti bila kumchokoza Maimuna.

"Mratibu, mwambie huyu bibi yangu," akasema. "Mashine zimemjua leo. Zimesema Mluguru huyu kila wiki anakuja na watu kumi na watatu ndani ya tenga na analipa kiti kimoja."

"Mashine zako zimelelewa Tabora," Maimuna akamjibu bila kugeuka, "ndiyo maana zinachelewa kuelewa. Zima uiwashe tena."

"Nimezima mara mbili, bibi."

Mwalimu akakaa kompyuta namba tatu, akaandika tena kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, m-a-h-i-n-d-i. Kioo kikajibu kwamba akaunti hiyo haipo. Akajaribu ya pili. Alisema amejaribu zote kumi na nne, na ya kwake ameijaribu mara tisa, akidhani macho yamemchezea. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa na uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ipungue. Hilo ndilo lililomwumiza Anastasia kuliko kama angekuta analia.

Akasimama nyuma ya kiti. Akasema kwa sauti ndogo sana.

"Nimesaini mimi, mwalimu."

"Umesaini nini?"

"Kwamba mmedanganya. Wote kumi na wanne. Mmefutwa."

Yunusi aliacha kuegemea meza. Maimuna akaendelea kutazama kioo. Halafu akauliza, taratibu, kama anavyouliza darasani, walimdanganya nani. Anastasia akaeleza: kompyuta moja, siku moja, neno moja. Akasema alijua si kweli. Akasema aliogopa.

"Ikifika Januari, Mwalimu Hidaya ana darasa la kwanza watoto tisini na sita," Maimuna akasema. "Nani atawapokea?" Akamgeukia. "Ulisoma madaftari kabla ya kusaini?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi soma. Si ndiyo kazi yako?"

Akainama, akasogeza ndizi, akayatoa yale madaftari yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, akamkalisha kando yake, akamwekea mapajani. Wewe unayesoma hapa, ungekuwa wapi kama ungewekewa mzigo ule mapajani? Anastasia akayafungua, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

Zoezi la wiki iliyopita lilikuwa la malezi. Swali la saba liliuliza mwalimu afikirie nini juu ya mtoto anayenyamaza kila anapoulizwa. Mwalimu Kondo aliandika kwamba mtoto huyo hajui. Hidaya aliandika kwamba anaogopa. Stambuli hakuchagua jibu; kwa penseli, pambizoni, aliandika: "Sijalielewa swali. Ananyamaza kwa nani?" Kila mmoja na mwandiko wake, na makosa yake, na mahali alipofuta akaandika tena. Anastasia akamwomba Yunusi ampe kompyuta nyingine, akafungua kwa akaunti yake ya mratibu kumbukumbu ya majibu yaliyoingizwa. Akalinganisha daftari kwa daftari. Walikaa hapo kutwa, ndizi zikauzwa na Yunusi mlangoni.

Hakuna jibu hata moja lililobadilishwa. Kondo alikosea swali la saba daftarini, na kwenye mashine amekosea vile vile. Alama zao zilianzia thelathini na moja zikaishia themanini na nane. Maimuna ndiye mwenye themanini na nane. Alijua majibu sahihi, vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, na aliingiza makosa ya wenzake kama yalivyo.

Anastasia akamwuliza kwa nini.

"La Kondo ni la Kondo," Maimuna akasema. Aliona swali lenyewe ni la ajabu. "Nikimsahihishia mimi, atajuaje alipokosea?"

Akaongeza kwamba yale ya Stambuli ndiyo yaliyomtesa, maana alitafuta kwenye kioo mahali pa kuandika kwamba mtu hajalielewa swali, hakupaona. Akaacha wazi, na Stambuli akapata sifuri.

Hapo Anastasia alilia, kwa sekunde chache, mkono mdomoni. Halafu woga ukamrudia, mkubwa kuliko wa Jumanne, kwa kuwa sasa alijua atafanya nini.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Jonathan na barua mbili. Ya kwanza inafuta uthibitisho wake na kusema kwamba neno "mahindi" alilitoa yeye. Ya pili inaomba kazi za walimu wale zisomwe na binadamu. Jonathan alizisoma akiwa amesimama. Akaenda akafunga mlango, akarudi, akageuza kioo cha kompyuta ili Anastasia aone. Pale palikuwa na jina la Jonathan, na dakika zake za kuwepo, na orodha ya vitu alivyothibitisha, na kitufe cha kurudisha akaunti ambacho kilikuwa cha kijivu. Akakibonyeza mbele yake. Hakikufanya kitu.

"Ufunguo hauko kwangu," akasema. "Hauko Morogoro kabisa. Kwa hiyo usinitazame hivyo."

Alichukua hata hivyo barua zote mbili, akazituma kwa mtandao kwa wenye mfumo, huko mbali. Jibu lilikuja kabla hawajakaa, kwa hiyo hakuna mtu aliyezisoma. Lilinukuu kanuni ya tisa: orodha iliyothibitishwa itapitiwa upya na jopo la watu ikiwa wanafunzi ishirini wenye akaunti zilizo hai, kila mmoja kwa akaunti yake mwenyewe, wataandika kuomba hivyo katika siku kumi na nne tangu ilipobandikwa. Waliofutwa hawana haki ya kuomba, kwa kuwa hawana akaunti ya kuombea.

Anastasia akaichapisha kanuni hiyo kwa mashine ya Jonathan. Alipokuwa anafungua mlango, mkurugenzi alisema, akitazama dirishani, kwamba akitoka nje asiseme kuwa yeye Jonathan amemsikiliza. Alisema hivyo kama mtu anayeomba maji. Kisha Anastasia akaenda mezani kwake, akaandika neno lake la siri, na kompyuta ikamjibu kwamba akaunti hiyo haipo.

Tangu siku hiyo yuko kwa Yunusi, kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, madaftari kumi na manne mapajani, akiwaomba wanafunzi wanaopita waandike ombi. Mshahara hana. Ignas humletea chakula cha mchana, na siku ya kwanza alikata njia kupitia mbele ya zile nyumba za wenzake, kichwa chini, na hakuna aliyemfukuza. Maimuna alishuka tena Jumamosi iliyopita, bila zoezi lolote, akauliza wameandika wangapi. Anastasia akamwambia sita. Mwalimu akahesabu kwa vidole waliobaki, akajitwika tenga tupu, akasema kule juu wanaendelea kukutana Jumapili, wanarudia masomo ya mwanzo ili wasisahau.

Sita. Nguzo ina wanafunzi mia nne na kumi wanaoingia kwenye mtandao kila wiki. Wengi wao wamepita mbele ya kiti kile. Wanaogopa, na sababu wanayo: mashine itaona nani ameandika. Itaona, ni kweli. Ilimwona Maimuna, ikamwona Anastasia, inamtazama Jonathan sasa hivi ofisini kwake, na siku yoyote mtakayoondoka nyumbani watu wawili mtumie kompyuta moja kwa sababu ya mgao wa umeme, itawaona nyinyi. Kukaa kimya hakujamficha mtu yeyote kati ya hawa.

Leo ni Jumatano. Siku kumi na nne zinaisha keshokutwa, Ijumaa, saa kumi jioni, na zinatakiwa sauti kumi na nne zaidi. Kama huamini, njoo Mwembesongo ukayashike madaftari, usome swali la saba kwa macho yako, uone Kondo alivyokosea na alivyoachwa akosee. Kama unaamini, usije, kaa ulipo. Akaunti yako bado inafunguka. Ifungue sasa, kabla hujayaweka maandishi haya chini. Nenda kwenye ukurasa wa maombi, andika kwamba unataka kazi za walimu kumi na wanne wa juu ya Kinole zisomwe na mtu mwenye macho. Weka jina lako kamili. Bonyeza tuma.